Mpunga Uliolala

Dada Kabula aliponiambia niubebe ule mpunga wa kwenye kibuyu niupeleke mashineni, nilipaswa kusema sitaki. Mdomo nilikuwa nao, na miguu ya kukimbilia nilikuwa nayo. Sikusukumwa wala sikutishwa. Nilisema sawa. Ulikuwa mpunga wa mbegu, mbegu ya mwisho ya aina yake nyumbani kwetu, nami niliubeba kichwani huku nikipiga mluzi.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya harufu. Nina ugonjwa wa sukari sasa, na zahanati wamenikataza mchele mweupe. Binti yangu akaniletea mchele wa kahawia kwenye pakiti ya plastiki, akaubandika kwenye jiko la gesi, akafunga mlango wa jikoni ili nisimsumbue kwa maelekezo. Baada ya nusu saa harufu ikapita chini ya mlango. Ilikuwa jirani tu ya harufu ninayoijua, kama ukimwona mtu kwa mgongo ukadhani ni ndugu yako, halafu akageuka. Nikacheka peke yangu. Wenzangu wa rika langu mtanielewa: kitu tulichochekwa nacho utotoni leo kinauzwa kwenye pakiti yenye picha ya jani, na daktari ndiye anayekipigia debe.

Tulikaa Shanwe, mjini Mpanda, vyumba viwili na uwanja wenye kuku wengi kuliko watu. Sisi ni Wasukuma. Wazazi wetu walishuka kutoka kaskazini wakifuata malisho, na baba alibaki na ng'ombe porini, tukimwona mwezi kwa mwezi. Mama tulimwita mayu, kama watoto wote wa kabila letu. Alikuwa na majaruba mawili bondeni, mwendo wa nusu siku kwa miguu, na humo alipanda mpunga aliopewa na mama yake, aliyepewa na mama yake. Ulikuwa mpunga mrefu, wa kuchelewa kukomaa, unaolala chini upepo ukiupiga, na punje yake ukiimenya ilikuwa na ngozi ya rangi ya udongo wa kichuguu.

Mayu hakuupeleka mashineni hata siku moja. Aliutwanga kwenye kinu, mara moja tu, kwa mkono mwepesi, makapi yakatoka na ngozi ikabaki. Alikuwa akisema mchele ukivuliwa ngozi unapata baridi, ndiyo maana watu wanaokula mchele mweupe wanasikia njaa kabla hawajanawa mikono.

Watoto wa jirani walituchungulia uani tukila na kuimba, "Wali wa matope! Wali wa matope!" Siku moja nilirudi ndani nikilia. Mayu akanifuta kamasi kwa kanga yake.

"Waambie wao wanakula mchele uchi," akasema.

Nikatoka nikawaambia. Neno hilo lilinipa heshima mtaani kwa muda wa wiki nzima.

Wali ule ulipikwa kwenye jiko la mchina, lile la mafuta ya taa lenye tambi kumi zilizopangwa mduara. Mkaa tulikuwa nao, lakini mayu alisema mkaa ni moto wa hasira, na mchele wenye ngozi unataka moto wa mazungumzo. Kazi ya tambi ilikuwa yangu. Nilizikata kwa wembe zilingane, maana tambi moja ikizidi urefu, moto unakuwa wa njano na sufuria inatoka nyeusi kama chungu cha pombe. Mafuta ya taa yalikuja na treni kutoka Tabora. Treni ikichelewa, tulikula ugali na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, nami nilikwenda stesheni kuitazama reli kana kwamba nikiikodolea macho itaiita treni.

Treni ikija, sherehe. Mchele uliloweshwa tangu asubuhi. Mayu alipasha samli kidogo, akaumwaga mchele ukalia chwaa, akaukaanga mpaka nyumba nzima ikanukia karanga. Hapo akatia maji ya moto, vikombe viwili na nusu kwa kila kikombe cha mchele, na chumvi. Ukichemka, akazishusha tambi, akafunika, akaweka jiwe juu ya kifuniko. Baada ya jiwe hakuna aliyeruhusiwa kufunua, hata angekuja mkuu wa mkoa.

Mayu hakuwa na saa. Saa yake nilikuwa mimi. Alinikalisha kwenye kigoda mbele ya jiko nikaimba jedwali la kuzidisha, kutoka mbili mpaka kumi na mbili, polepole, mara nne. Nikimaliza mara ya nne, wali umeiva. Mwalimu wangu wa darasa la tano alishangaa mtoto wa mfugaji kujua kumi na mbili mara kumi na moja bila kufikiri. Sikumwambia siri. Siri ilikuwa kwamba wali unasikia hesabu.

Niliamini hivyo kabisa. Siku moja nilisema saba mara nane ni hamsini na nne, nikaendelea bila kurudia, na wali ukatoka na kiini, punje ngumu katikati kama changarawe. Leo najua mafuta yalikuwa yamepungua jikoni. Siku ile mayu alionja, akanitazama.

"Umekosea wapi?"

"Saba mara nane, mayu."

"Umeona? Wali hautaki uongo."

Mpaka leo nikifika saba mara nane nasimama kwanza.

Basi, mwaka ule maji yalikuwa haba bondeni, na mpunga mchache ulioota, viboko wakaja wakatembea humo kama wako sokoni. Mayu alivuna kidogo sana. Sehemu kubwa tulikula. Mpunga wa mbegu, kiasi cha nusu debe, aliutia kwenye kibuyu kikubwa, akauchanganya na majivu ya kuzuia wadudu, akauziba mdomo wa kibuyu kwa kinyesi cha ng'ombe, akakiweka kile kibuyu kwenye kona ya chumba chake.

"Huo umelala," alituambia. "Msiuguse."

Kosa langu lilianzia kwenye neno hilo. Nyumbani kwetu chakula kilicholala kilikuwa kitu kimoja tu: kiporo. Ugali uliolala ulikuwa wa kuku. Wali uliolala tuliula asubuhi na chai. Nami kwa akili yangu nikaona mpunga uliolala ni kiporo cha mpunga, kitu kilichopoteza ladha, ambacho mayu anaona haya kukitupa. Kila nilipopita pale konani nilikionea huruma.

Lakini niwe mkweli. Hata mtoto anajua hakuna anayeziba kiporo kwa kinyesi cha ng'ombe. Kuna sehemu ndogo ya moyo wangu ilijua, na niliiambia inyamaze.

Kabula alikuwa na miaka kumi na tisa, na jina lake maana yake ni aliyezaliwa mvua ikinyesha. Alikuwa amependwa na fundi baiskeli mmoja mpole aitwaye Luhende. Luhende alikuja kwetu kuziba pancha ya baiskeli ya baba, mayu akampa sahani ya chakula, na tangu siku hiyo baiskeli yetu ilipata pancha kila wiki. Baada ya miezi michache ikaletwa habari: shangazi yake Luhende, pamoja na mama yake na majirani wawili, watakuja Jumamosi kutuona.

Mayu alifurahi. Lakini mvua zilikuwa zinanukia, na yeye alitaka kutengeneza kitalu cha kuoteshea mbegu kabla hazijaanza. Alhamisi akabeba jembe kwenda bondeni.

"Jumamosi mchana nitakuwa hapa," akamwambia Kabula. "Mchele nimeshatwanga, uko kwenye chungu. Chinja jogoo mwekundu. Mdogo wako atausimamia wali."

Alipopotea kwenye kona, Kabula akafunua chungu, akachota mchele kiganjani, akautazama kana kwamba umemtukana.

"Wakwe waje wanikute na wali wa matope?" akasema. "Watasema Luhende ameokota mtu porini."

"Wali wenyewe mtamu."

"Utamu unaonekana? Rangi ndiyo inaonekana! We hujui watu."

"Basi tuupeleke huo mashineni wauvue ngozi."

"Umeshatwangwa huo, mashine itauponda. Inataka mpunga." Kisha macho yake yakaenda kwenye mlango wa chumba cha mayu. "Na ule wa kwenye kibuyu?"

"Umelala ule."

"Najua umelala. Je, mayu anautumia?"

Nikafikiri. Sikuwahi kumwona akiutumia. "Hautumii," nikasema.

"Basi kesho ukitoka shule uubebe. Jumamosi nitamwambia mwenyewe, atafurahi akiona wageni wamefurahi. Sawa?"

Nikasema sawa.

Mwenye mashine alikuwa mzee mnene aliyejaa vumbi la unga mpaka kwenye kope, na alifuga bata waliozunguka miguuni mwake kama walinzi. Nilipotua mzigo wangu akauangalia.

"Nusu debe? Kijana, mashine hii nayo ina tumbo. Kabla hujapata wewe, inakula yenyewe kwanza."

"Naomba hivyohivyo, babu."

"Pumba nachukua mimi."

"Chukua."

Akaumimina. Mchele ukatoka wa kahawia bado, na chenga nyingi, kwa sababu mpunga ule ulikuwa umekauka sana. Akanionyesha.

"Nirudishe tena?"

"Rudisha."

Ukatoka wa rangi ya chai ya maziwa.

"Unatosha huo."

"Rudisha tena, babu. Nataka mweupe pee."

Hilo Kabula hakuniagiza. Hilo ni langu. Nilitaka kuwa mtu aliyeleta mchele mweupe kuliko wote wa Shanwe. Ukarudishwa mara ya tatu, ukatoka mweupe na mdogo kama meno ya mtoto, nusu yake chenga. Nyuma yangu bata walikuwa wamezamisha midomo kwenye pumba mpaka machoni.

Jumamosi Kabula akasuka nywele, akachinja jogoo, akafagia uwanja mara mbili. Mimi nikakaa kwenye kigoda changu na jiko langu. Mchele nilikuwa nimeulowesha tangu asubuhi, kama siku zote. Nikaukaanga kwa samli, nikatia vikombe viwili na nusu vya maji kwa kila kikombe, kama siku zote. Nikafunika, nikaweka jiwe, nikaimba jedwali mara nne bila kosa hata moja. Saba mara nane niliitamka kwa sauti ya kanisani. Nilijiona nimefanya kazi safi kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Wageni wakafika jua likiwa kichwani, na nyuma yao tu mayu akatokea, tope limemkaukia magotini, anacheka, anaomba radhi kwa miguu yake. Shangazi yake Luhende alikuwa mama mkubwa mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alikuwa ametoka Kasekese tangu alfajiri akiwa amebebwa kwenye kerea ya baiskeli, na habari za mgongo wake alizitoa kabla ya salamu.

Chakula kikaletwa. Kabula akafunua sufuria mbele yao kwa madaha. Nami nikasimama mlangoni nisubiri sifa.

Kilichokuwa ndani kilikuwa cheupe kweli. Kilikuwa pia bonge moja, linatikisika. Shangazi akachukua upawa, akainua, kikaning'inia, kikaanguka pwata.

"Haya," akasema. "Huu ni wali au ni uji umevaa kanzu?"

Mama yake Luhende akajifunika mdomo kwa kanga. Wale majirani wakacheka waziwazi. Kabula akawa anatazama vidole vya miguu yake.

"Lakini mwanangu," shangazi akamgeukia, si kwa ubaya, "kwani nyie ule wali wenu uko wapi? Luhende ametutesa mwezi mzima. Wali wa kwa kina Kabula, wali wa kwa kina Kabula. Una rangi ya kichuguu, unanukia karanga. Mimi nimekubali kuvunjwa mgongo na baiskeli nije niuone huo. Huu mweupe hata Kasekese upo."

Nilimtazama mayu. Alikuwa ameshika chenga chache kati ya vidole vyake, anazisugua taratibu. Akaziangalia, akaangalia mlango wa chumba chake, akaniangalia mimi. Nikaona anajua. Lakini uso wake haukubadilika mbele ya wageni.

"Watoto walitaka kuwaheshimu kwa mambo ya mjini," akasema. "Shangazi, unaweza kuvumilia kidogo?"

"Nimevumilia baiskeli, nitashindwa kuvumilia jiko?"

Mchele wa kwenye chungu haukuwa umeloweshwa, kwa hiyo mayu aliongeza maji, nami nikaimba jedwali mara sita badala ya nne. Wageni wote wakausogeza mkeka karibu. Mara ya kwanza walinisikiliza wakicheka, mara ya pili mama yake Luhende alianza kuitikia, na kufikia mara ya tano shangazi alikuwa akipiga makofi na kunirekebisha, akikosea yeye. Tukala huku jua limeshapinda. Kila mtu aliomba kuongezewa, na kwa Wasukuma sahani inayorudi namna hiyo ni hotuba. Kabula alipoanza kukwangua ukoko, shangazi akampiga kibao cha mkono.

"Acha! Ukila ukoko, mvua itanyesha siku ya harusi yako."

"Kwani kuna harusi?" Kabula akauliza, macho chini.

"Kwa wali huu? Hata leo."

Wakaondoka wakiimba. Nilidhani tumepona.

Mayu akakaa juu ya kinu kilicholazwa uani. Hakupandisha sauti.

"Ule mpunga mmeutoa wapi?"

Kabula akafungua mdomo, mimi nikamwahi. "Kabula alinituma." Ndivyo nilivyosema. Sikusema kuhusu kurudisha mara tatu.

"Alikutuma wapi?"

"Kwenye ule uliolala, mayu. Kile kiporo."

"Kiporo gani?"

"Kiporo cha mpunga. Ulisema umelala."

Akanitazama, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, akamwita jirani aje asikie, akashindwa kumwambia. Nami nikacheka kwa sababu yeye anacheka, na Kabula akacheka kwa kuwa ameponea. Halafu mayu akafuta macho, akaendelea kuyafuta, na tukaona kwamba kicheko kilishaisha zamani.

"Mwanangu," akasema, "mbegu ndiyo inalala. Kiporo hakilali. Kiporo kimekufa. Nimetoka kuitengenezea kitanda leo."

Nilikimbia mpaka mashineni. Mashine huwa inatema punje chache ambazo hazikumenyeka, nami nilitaka kuzitafuta kwenye pumba, hata kumi, hata tano. Bata walishamaliza. Sakafu ilikuwa safi kama imelambwa, na kweli ilikuwa imelambwa. Nilirudi nikapepeta ule mchele mweupe uliobaki kwenye mfuko, nikapata punje tatu zenye ganda. Tulizipanda kwenye kopo. Mbili zilikuwa zimepasuka. Moja ikaota, kijani kabisa, nikailinda kwa siku tisa, na siku ya kumi nikiwa shuleni kuku akaifikia.

Mvua zikaja vizuri mwaka ule. Mayu akapanda mbegu aliyoazima kwa jirani, na kitalu chake kikastawi. Alituma ujumbe kaskazini kwa wafanyabiashara wa ng'ombe wawaulize ndugu zake. Jibu likaja baada ya msimu mzima kwamba huko wote wamehamia mpunga wa muda mfupi, ule mrefu hakuna aliye nao. Nilipokuwa mtu mzima, kila soko nililoingia, Karema, Mishamo, popote, nilichota punje nikazimenya kwa kucha. Sijaiona ile ngozi.

Kabula aliolewa na Luhende. Mvua ilinyesha siku ya harusi, kubwa, shangazi akamtuhumu hadharani. Leo wana wajukuu, na tukikutana huwa ananiita "Rudisha Tena", maana mwishowe nilimwambia. Kwa mayu sikuwahi kusema hilo. Kabula alipohamia kwa mumewe, mayu alimfungia mbegu kwenye vitambaa: mahindi, karanga, choroko, kila moja na fundo lake. Mimi nilipooa alinipa mtamba na baraka nyingi, akasema mbegu nitanunua dukani. Alisema kwa upole, huku akitabasamu.

Hiyo ndiyo gharama ya ile sawa yangu. Mpunga uliopita kwa mama zetu wengi uliishia kichwani kwangu, na wanangu hawajauonja. Na mayu, ambaye alinipenda mpaka siku tuliyomzika, hakuniamini tena kwa punje hata moja.